Mpaka Injini Ipate Moto

Babati, Jumanne, 1 Juni 2004

Mwaka huu ni wa thelathini na mbili tangu nilipotoka Bujumbura. Nahesabu kila unapoingia mwezi wa Juni, kama watu wengine wanavyohesabu siku zao za kuzaliwa. Baridi imeanza. Upepo unashuka kutoka Mlima Kwaraa, na huku kwetu Nakwa ukungu wa ziwani haunyanyuki mpaka jua lipande.

Binti yetu Amira amekuja kungojea kujifungua. Mume wake, Alawi, yuko Mererani kwenye machimbo na hawezi kutoka kabla ya Septemba. Mimba ya kwanza iliharibika. Hii ya pili inatarajiwa kutimia mwishoni mwa Agosti. Leo daktari wa hospitali ya misheni amempima, akatueleza kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Atazaa kwa kupasuliwa. Akianza kutoka damu kabla ya siku yake aletwe papo hapo, asisubiri. Nilimwomba arudie neno la mwisho.

"Asisubiri, Mzee. Atatuishia mikononi, yeye na mtoto."

Hospitali ni mwendo wa saa nzima, barabara ya vumbi na milima. Hata baada ya Babati kufanywa makao makuu ya mkoa mpya, na maofisa wageni kujaa mjini na magari yao, teksi ni za kuhesabu, na alfajiri hakuna hata moja. Tunalo gari letu, Pijo 504 la zamani. Nililinunua kwa padri aliyekuwa akirudi kwao, mwaka nilipofunga duka langu la vitabu. Mke wangu, Amna, alisema mzee aliyestaafu anahitaji ng'ombe, siyo gari. Lakini mimi sijawahi kulala usingizi mzuri katika nyumba isiyo na kitu cha kuondokea. Naliegesha kila siku pua ikitazama geti. Kwenye buti kuna mkoba wenye blanketi, shuka, mashati mawili, sabuni na nakala za hati zangu. Amna, ambaye ni mzaliwa wa Kondoa na hajawahi kukimbia kitu, anauita mkoba wa safari isiyo na siku.

Alhamisi, 3 Juni

Gari limechelewa kupata moto. Mshale wa joto haukutikisika mpaka nilipofika sokoni.

Jumapili, 6 Juni

Vilevile. Baridi imezidi.

Jumatano, 9 Juni

Niandike vizuri lilivyo. Asubuhi navuta choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa ya baridi, gari linawaka. Nikiirudisha choki tu, linazima. Nikiiacha imevutwa, linatoa moshi mweusi na harufu ya petroli mpaka Amna anafunga dirisha la jiko. Nikitia gia kabla halijapata moto linajikwaa na kuzima njiani. Nikingoja lipate moto, nangoja sana, na mshale unabaki umelala. Mwaka juzi halikuwa hivi. Mwaka jana wakati wa baridi nilikuwa nasafiri alasiri tu, sikuona tofauti.

Nimelipeleka kwa Rogath, fundi wetu mwenye gereji njia ya Singe. Ni Mwiraki wa Mbulu, mtu mrefu, mwaminifu, mwenye maneno mengi.

"Mzee, shikamoo. Gari hili haliumwi, linasikia baridi tu. Hata mimi kabla ya chai siwaki."

"Wewe hubebi mgonjwa, Rogath."

Alifungua kabureta akaisafisha. Mimi nilikaa kwenye benchi lake, chini ya waya aliotundikia vidude vya shaba vya mviringo, vimepangwa kama shanga za tasbihi. Vilikuwa vinagongana kwa upepo. Nilidhani ni pambo.

Alhamisi, 10 Juni

Vilevile.

Jumapili, 13 Juni

Mudy amepiga simu kutoka Bujumbura, kwenye simu ya Amira. Ni mtoto wa pekee wa kaka yangu Mikidadi. Nilimwacha akiwa na umri wa siku chache na sijamwona tena, ila kwa picha.

"Baba mdogo, huku kumetulia. Watu wanarudi. Nyumba ya babu nimeiezeka upya, na chumba chako kina dirisha upande wa msikiti. Njoo Septemba."

Nilimjibu kwamba tutaona. Amna alikuwa anapeta mahindi karibu yangu, sauti ya simu inamfikia.

"Chumba chako," alisema. "Kimoja?"

Jumanne, 22 Juni

Rogath amebadilisha plagi. Za zamani zilikuwa nyeusi kwa masizi kama mafiga. Asubuhi mbili gari limeamka vizuri, ya tatu limerudia yaleyale.

Alhamisi, 1 Julai

Nimeanza kuliwasha kila alfajiri kabla ya kuswali, liwe tayari. Petroli inakwisha na huo utayari haufiki. Amira ananitazama dirishani akiwa amejifunika blanketi. Sijamwambia ninachoogopa. Nadhani anajua.

Jumatatu, 5 Julai

Sasa naweza kuandika.

Leo alfajiri nilikuwa nakunja mswala niliposikia Amna akiniita, "Hamdani." Haniiti hivyo. Tangu Amira azaliwe mimi ni Baba Amira. Nilijua kabla sijafika mlangoni.

Amira alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kanga yenye damu mapajani. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa mbichi. Tulimwingiza garini, kiti cha nyuma, Amna pembeni yake. Nikawasha. Likawaka. Nikarudisha choki, likazima. Nikavuta tena, likawaka, moshi ukajaa uani mpaka kuku wakatawanyika. Nikatia gia, likazima. Nikasema tungoje kidogo tu, lipate moto. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi.

Kisha Amira akasema, kwa utulivu kabisa, "Baba, kadi ya kliniki nimeisahau mezani. Nashuka mara moja naichukua, gari lenyewe bado." Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja.

Sikumbuki kuzunguka gari. Nilijikuta upande wake nimeusukuma mlango kwa mikono miwili, nampigia kelele mwanangu mjamzito. Hakuna kushuka. Hakuna mtu kushuka humu. Amna alinitazama kama mtu aliyemwona jirani akitembea usingizini. Akashuka yeye kwa mlango wa pili, akaileta kadi, akarudi akakaa. Hakuchukua muda wowote. Kwangu ilikuwa mwaka mzima.

Jambo hili nimemweleza Amna mara moja tu, tulipooana. Juni 1972, asubuhi, mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, tulikuwa wanaume wengi nyuma ya lori. Watu walikuwa wanachukuliwa majumbani na askari na kuuawa, na wazee wa mtaa walikuwa wamesema vijana waondoke. Mke wa Mikidadi alikuwa kwa wazazi wake, bado kwenye kitanda cha uzazi, na Mudy kifuani. Lori lilikuwa la zamani, asubuhi ilikuwa ya baridi, na dereva alikataa kuondoka. Alisema mpaka injini ipate moto, isije ikatuzimikia kwenye kizuizi cha askari. Alikuwa na haki, sijamlaumu. Mikidadi akasema, "Kama ni hivyo nanunua mkate, njiani hatutapata." Akaruka chini, akavuka barabara, akapita kona ya duka la mkate. Alivaa koti la kijivu lenye kiraka kwenye kiwiko. Gari la askari lilipita, likaingia kona ileile. Dereva wetu akaondoa lori. Injini ilikuwa imepata moto.

Hakuna aliyemwona Mikidadi tena. Hatukupewa kaburi.

Ndiyo sababu naegesha gari pua nje. Na ndiyo sababu sikuweza kumwacha mwanangu ashuke.

Tulifika. Gari lilizima mlima wa kwanza, likazima tena kwenye kona baada ya daraja, kila mara nikilisubiri huku Amna akisoma dua kwa sauti ya chini. Damu ilikuwa imekwisha kusimama tulipofika. Mtoto yu hai. Daktari anasema damu ya pili huwa kubwa kuliko ya kwanza. Nyumba ya hapo hospitalini ya wajawazito wanaosubiri siku zao imejaa, wengine wanalala chini. Nafasi itapatikana tarehe 16 Agosti. Mpaka hapo apumzike nyumbani, na gari liwe tayari.

Gari liwe tayari.

Jumanne, 6 Julai

Amira amenipikia uji, ingawa amekatazwa kusimama. Akauweka mbele yangu.

"Baba, jana ulinitisha kuliko damu."

Nilimwomba radhi. Alinishika bega, akaondoka polepole, amejishika ukuta.

Jumamosi, 10 Julai

Rogath amekuja nyumbani mwenyewe baada ya kusikia habari. Amekata boksi la sabuni, akaliweka mbele ya rejeta, inayopoza maji ya injini, kuzuia upepo. "Madereva wa malori kule Mbulu wanafanya hivi," alisema. Mshale umepanda kidogo. Nilitaka kumbusu mkono.

Jumamosi, 17 Julai

Nimelijaribu gari hadi Sigino na boksi lake. Mlimani mshale ulipanda na haukusimama, ukafika kwenye nyekundu, na mvuke ukatoka. Nikaling'oa boksi. Kurudi, kwenye mteremko, mshale ukalala kabisa, na gari likazima mbele ya watu waliokuwa wanavuna mbaazi.

"Mzee, nalo gari lina miaka yako," mama mmoja aliniambia, wakacheka, kisha wakaja wakasukuma.

Nilicheka nao. Nikiweka boksi, gari litachemka na kufa mlimani. Nikiliondoa, litazima. Hakuna hali ya tatu, na mwanangu amelala nyumbani.

Jumanne, 20 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Amira amelalamika mgongo. Nimeliwasha gari, nimelizima, nimeliwasha.

Jumatano, 21 Julai

Nilikuwa tena kwenye benchi la Rogath. Safari hii alikuwa amezama chini ya lori la mkaa, mimi sina la kufanya. Upepo ukavitikisa vile vidude vya shaba. Nikavitazama kwa karibu. Kila kimoja kina kifuniko kidogo na springi.

"Rogath, haya mapambo yako ni nini?"

"Hayo? Thamostati, Mzee. Za magari ya watu."

"Zinafanya nini?"

"Hazifanyi kitu," alisema akiwa chini. "Zinakaa kwenye njia ya maji. Zinayafungia maji ndani ya injini mpaka yapate moto, ndipo zinafunguka yaende kwenye rejeta kupozwa. Ni mambo ya nchi za barafu. Zikigoma kufunguka, injini inachemka. Ndiyo maana tunazitoa."

"Na ya gari langu?"

"Si nilikutolea mwaka jana, lilipochemka ukitoka Arusha? Ulifurahi mpaka ukaninunulia soda."

Ni kweli. Nakumbuka soda. Nakumbuka pia kwamba siku hiyo rejeta ilikuwa inavuja, akaiziba, na kidude akakitoa kwa kuongezea tu, kama kinyozi anavyokukata na ndevu.

"Kwa hiyo sasa," nilimwuliza, "asubuhi nikiwasha, nani anayafungia maji?"

Spana ilinyamaza chini ya lori. Kisha Rogath akatoka taratibu, akakaa kitako kwenye vumbi.

"Hakuna," alisema.

"Yanakwenda wapi?"

"Kwenye rejeta. Palepale." Alijifuta uso kwa kitambaa, ukazidi kuwa mweusi. "Yanapozwa kabla hayajapata joto. Injini inajipasha, rejeta inaipoza. Mzee, gari lako linaota moto mlango ukiwa wazi."

Nilimwuliza alijifunzia wapi ufundi. Tanga, alisema. Mwalimu wake alikuwa akizitoa zote. "Tanga nani alihitaji joto? Nikaja na mkono huohuo huku baridini. Sote tunatoa. Babati nzima haina gari lenye hiki kitu."

Sikuwa na hasira. Nilikuwa naogopa kwa namna mpya, kwa sababu sasa kulikuwa na tumaini.

Alhamisi, 22 Julai

Rogath ameleta nyumbani vidude vinne vinavyoingia kwenye Pijo. Vimekaa kwenye waya muda mrefu na hatujui kipi kizima, na vipya haviuzwi Babati. Tulivitia kwenye sufuria ya maji jikoni kwa Amna.

"Hiyo sufuria yangu ya maziwa."

"Tutakununulia nyingine, Mama Amira," alisema Rogath.

"Mtainunua wapi, Arusha kwa gari lipi?"

Maji yalipopata moto tuliinama wote juu ya mvuke, Amira naye amekaa kwenye kigoda. Cha kwanza kilikuwa kimekwama wazi. Cha pili hakikufunguka hata maji yalipotokota. Cha tatu kilifunguka upande. Cha nne kilikaa kimefunga kabisa, tukakata tamaa, kisha maji yalipokaribia kutokota kifuniko kikanyanyuka polepole, chenyewe, bila kusukumwa na mtu. Tukakitoa kwenye maji. Kilipopoa, kikafunga.

"Kirudie," alisema Amira.

Tulikirudia mpaka kuni zikaisha.

Jumamosi, 24 Julai

Rogath amekifunga kile cha nne garini. Asubuhi nimeliwasha, baridi ni ileile. Nimeshika mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta: wa baridi, ingawa injini inanguruma. Mshale umepanda mpaka katikati. Nimerudisha choki, halikuzima. Ndipo mpira ukapata moto mkononi mwangu, ghafla, kama mtu aliyefungua mlango.

Sasa naogopa kwamba siku ya kumpeleka Amira hakitafunguka. Nimemwambia Amna. Akasema mimi nikipewa pepo nitauliza njia ya kutokea.

Jumapili, 1 Agosti

Mudy tena. Kuna lori la watu wanaorudi, linapita Singida katikati ya Septemba. Ameniandikisha. Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayetua mzigo. Nadhani nimekuwa nikitaka kwenda kuitazama ile kona tu, nione kama ina mwisho.

Amna amesikia. Jioni alisema, "Baba na mama yangu umewazika wewe kwa mikono yako, Kondoa. Nikikuuliza kwenu ni wapi, utanionyesha kwa vidole gani?"

Jumatano, 4 Agosti

Upepo mkali. Gari zuri.

Jumatatu, 9 Agosti

Bado wiki moja afike kwenye nyumba ya wajawazito. Gari zuri. Silali.

Jumatano, 11 Agosti, hospitalini

Naandika nyuma ya karatasi ya dawa, nitanakili.

Alfajiri. Amna hakuita. Alipiga yowe moja tu. Nilipofika, damu ilikuwa imeshuka kitandani mpaka sakafuni, na Amira midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulimbeba. Niliwasha, na mara hii sikungoja chochote, nikaliondoa na choki ikiwa nje. Geti lilikuwa wazi, nililala nimeliacha wazi. Hatujafika sokoni mshale ulikuwa umenyanyuka. Nikairudisha choki. Gari halikujikwaa. Kwenye mlima wa kwanza nilingoja lizime, mwili wangu wote ulingoja, na Pijo likapanda kama halijasikia.

Nyuma kulikuwa kimya.

"Anapumua?" niliuliza.

"Endesha," alisema Amna.

Baada ya daraja mshale ulivuka katikati, ukaendelea. Nilisema moyoni, sasa hakitafunguka. Nilifikiri nisimame, nimwage maji, nipoze injini. Nilimwona Mikidadi akivuka barabara na kiraka chake kwenye kiwiko. Sikusimama. Mshale ukatikisika, ukarudi katikati, ukatulia.

Sitaweza kumweleza mtu yeyote jinsi nilivyokipenda kile kidude cha shaba.

Pale hospitalini walikimbia naye ndani. Muuguzi alitoka akataka nguo, shuka, chochote kikavu, kwa sababu hatukubeba hata kanga ya pili. Amna alikuwa amekwisha kufungua buti. Alirudi na mkoba wangu, akaupasua zipu. Shuka zangu zikaingia ndani. Mashati yangu yakaingia. Blanketi likaingia.

Tumekaa kwenye benchi. Mkoba uko miguuni kwangu, una sabuni na hati tu. Mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa. Amna ameniambia nikanywe chai nje, eti upasuaji hauna haraka. Sitashuka kwenye benchi hili.

Ijumaa, 13 Agosti

Amira yu hai. Wamemwongezea damu, ya Amna na ya muuguzi mmoja. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, na analia kwa hasira. Walimleta amefungwa kwenye blanketi langu, lile la kukimbilia, lililokaa tangu nilipolinunua bila kumfunika mtu. Daktari alisema tungechelewa kidogo asingekuwa na la kufanya. Sikumwuliza kidogo ni kiasi gani.

Alawi amepata ruhusa, amefika na vumbi la Mererani masikioni. Mtoto amempa jina la mama yake yeye Alawi, Sijaona.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimempelekea Rogath soda. Ule waya hauna tena pambo. Vidude vyote viko kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, anavijaribu kimoja kimoja, na mbele ya gereji kuna foleni ya magari.

"Mzee," alisema, "nimewatolea watu miaka kumi. Itanichukua kumi kuwarudishia."

Jumapili, 22 Agosti

Amira na mtoto wamerudi nyumbani jana. Nilipofika getini na gari sikuligeuza. Nililiingiza pua mbele mpaka karibu na ukuta wa jiko, nikalizima. Amna alitoka na ungo wa mbaazi mkononi.

"Baba Amira, umeanza kulewa uzeeni?"

"Limechoka kutazama nje," nilimjibu.

Alilitazama gari, akanitazama, akarudi ndani. Baadaye nilimsikia akimsimulia Amira, wakicheka taratibu kwa sababu ya mshono.

Mkoba umefuliwa, unaning'inia kambani. Amira anautaka wa kuwekea nepi.

Bado naogopa. Usiku mtoto akinyamaza nainuka kumsikiliza. Lakini hofu hii ina mahali pake, iko chumba cha pili, naweza kwenda kuishika.

Leo baada ya adhuhuri Mudy amepiga simu kuuliza kama nitafika Singida mwenyewe au anitafutie mtu wa kunileta. Nilimwuliza kwanza, hatujawahi kulizungumza, kama ile kona ya duka la mkate bado ipo.

"Haipo, Baba mdogo. Walibomoa nikiwa mdogo. Barabara imepanuliwa, imenyooka."

Nilimshukuru. Nikamwambia chumba chenye dirisha upande wa msikiti akipangishe, au aweke watoto wake. Akauliza, "Basi mwakani?" Nikamwambia hapana, wala mwakani.

Sitarudi.